Likizo ya kwanza ya familia Dalyan, Uturuki: panga kwa kufuata mto

Familia nyingi zinazochagua Dalyan kwa mara ya kwanza hudhani zinakwenda kukaa ufukweni. Zimeona picha za mchanga wa İztuzu, zimelipia hoteli, kisha zinafika na kukuta mto, matete marefu, na makaburi ya kale yaliyochongwa kwenye jabali la ng'ambo. Bahari haionekani. Kuifikia ni safari ya boti ya dakika 40 hivi, au dakika kama 25 kwa barabara. Anayetaka watoto watoke chumbani wakanyage mchanga papo hapo, aende mji mwingine wa pwani ile. Anayetaka mji mdogo wa kutembea kwa miguu, wenye boti za kwenda kila upande na usiku usio na makelele ya disko kubwa, Dalyan itamfaa, ili mradi akubali kwamba mto ndio unaopanga siku yake.

Mji wenyewe uko wilaya ya Ortaca, mkoa wa Muğla, kusini-magharibi mwa Uturuki. Maji hutoka ziwa Köyceğiz, hupita mbele ya mji, hujigawa katika vijito ndani ya matete, kisha huingia Bahari ya Mediterania pale İztuzu. Kiwanja cha ndege ni Dalaman, kama nusu saa kwa gari.

Mwezi wa kwenda

Hapa ndipo wazazi wa Afrika Mashariki hukwama, maana kalenda za shule zetu hazikutungwa kwa kuangalia majira ya Uturuki. Likizo ndefu ya Desemba haifai kabisa: kuanzia Novemba hoteli nyingi na migahawa hufungwa, boti hupungua, mvua hunyesha na baridi huingia. Aprili mji unaanza kuamka lakini bahari bado ni baridi kwa mtoto aliyezoea maji ya Kigamboni au Nyali. Likizo ya Juni ya Tanzania ndiyo bahati kubwa: maji yameshapata joto na jua bado linavumilika. Familia za Kenya zinazobanwa na Agosti zijue kwamba joto hufika nyuzi 40 au karibu na hapo. Inawezekana kwenda, lakini chumba chenye kiyoyozi na bwawa la kuogelea havitakuwa anasa tena, na matembezi yote ya miguu yaishe kabla ya saa nne asubuhi. Walioko Uingereza wanaweza kutumia wiki ya mapumziko ya mwishoni mwa Mei, na wenye watoto ambao hawajaanza shule wangoje Septemba. Bahari huwa bado na joto na umati umeshapungua.

Viza, pasipoti na ndege

Usilipe nauli kabla ya kujua hali ya viza ya kila mwanafamilia, mmoja mmoja. Baba mwenye pasipoti ya Uingereza huingia bila viza kwa utalii wa hadi siku 90, lakini mama mwenye pasipoti ya Tanzania aliye nyumba hiyohiyo yuko kwenye kundi jingine. Nchi nyingi za Afrika hupewa viza ya mtandaoni kwa sharti la kuwa na viza hai au kibali cha ukaazi cha Schengen, Uingereza, Marekani au Ireland. Asiye na kimojawapo hupitia ubalozi, na hilo lataka wiki kadhaa. Angalia kwenye tovuti ya serikali yenyewe, evisa.gov.tr. Zipo tovuti za kuiga zinazotoza mara mbili au tatu, na nyingine hutangulia juu ukitafuta. Mtoto mchanga naye anahitaji pasipoti yake, na viza yake kama uraia wake unaidai. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele na ukurasa mtupu. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya idhini ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Swali hilo mara nyingi huulizwa wakati wa kutoka nyumbani kuliko wakati wa kuingia Uturuki.

Toka Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, Entebbe au Kigali, njia ya kawaida ni kupitia Istanbul, kisha ndege ya ndani ya saa moja na robo hivi hadi Dalaman. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa: kile kipya upande wa Ulaya, alama yake IST, na Sabiha Gökçen upande wa Asia, alama yake SAW. Nauli ya bei nafuu inayotua kimoja na kuondokea kingine ni mtego. Kati yake kuna mwendo wa saa moja hadi mbili kwa gari, na foleni ya Istanbul haina huruma kwa mtu mwenye watoto watatu na mabegi sita. Nunua safari nzima kwenye tiketi moja, acha angalau saa tatu za kuunganisha, na pale kaunta ya kuondokea uliza waziwazi kama mabegi yatakwenda moja kwa moja Dalaman au utayachukua Istanbul. Yakiandikiwa Dalaman, mara nyingi hutokea ukumbi wa abiria wa kimataifa, wakati wewe umeshuka wa ndani. Uliza hapohapo kabla hujatoka nje.

Gari la kuwapokea agiza mapema kupitia hoteli. Taja idadi ya mabegi, na viti vya watoto kwa umri na uzito, kwa maandishi, kisha kumbusha siku mbili kabla. Usipotaja, gari litakuja bila kiti. Anayebana matumizi na asiye na watoto wadogo anaweza kufika Ortaca, kisha akapanda dolmuş, mabasi madogo yanayofanya kazi kama daladala, hadi Dalyan.

Kuchagua malazi

Picha ya hoteli yenye gati lake mtoni huvutia, na kwa watu wazima ni nzuri kweli. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi sita ni kazi ya ulinzi mchana kutwa: magati mengi hayana uzio, maji yana mkondo, chini ni tope, na boti hupita toka asubuhi hadi jioni. Ushauri wetu ni kukaa mtaa wa pili au wa tatu toka mtoni. Bei hushuka, mbu hupungua kidogo, na mto uko dakika tano kwa miguu.

Kabla ya kulipia, uliza maswali haya na udai majibu ya maandishi: bwawa la watoto lina kina gani na limetengwa na la wakubwa au yameungana, chumba kiko ghorofa ya ngapi na nafasi kati ya vyuma vya roshani ni kiasi gani, madirisha yana wavu wa mbu, kiyoyozi kimo ndani ya bei, kuna jokofu na birika. Wanawake wanaoogelea na vazi la stara waulize pia sera ya bwawa. Uturuki vazi hilo ni la kawaida na linauzwa madukani, ila hoteli binafsi zina kanuni zake.

Mbu hawaepukiki pembeni mwa matete. Kaunos, mji wa kale wa ng'ambo, ulikuwa ukitaniwa na Wagiriki wa zamani kwa rangi mbaya ya ngozi za watu wake, kwa sababu ya homa. Leo mbu wa Dalyan ni kero ya kuwasha tu, lakini kwa msafiri aliyetoka Afrika Mashariki kuna jambo zito zaidi. Mtoto akipata homa siku za mwanzo, mwambie daktari mara moja kwamba mmetoka eneo lenye malaria na omba kipimo. Daktari wa huko hana sababu ya kuifikiria mwenyewe. Hospitali ya serikali iko Ortaca, namba ya dharura ni 112, na duka la dawa huitwa eczane. Usiku na Jumapili huwa kuna moja la zamu, na orodha yake hubandikwa mlangoni mwa mengine.

İztuzu, na kosa la ncha mbili

Ufukwe una urefu wa kilomita 4.5 hivi, na una ncha mbili zisizofanana. Boti za ushirika, yaani chama cha wenye boti wa mji, huondoka gatini mjini na kukushusha ncha ya mdomo wa mto. Basi dogo hukushusha ncha ya pili, mwisho wa barabara. Kila ncha ina kibanda cha vyakula, vyoo na mabafu. Katikati hakuna kitu. Familia zikigawanyika, baba na wakubwa kwa boti, mama na mtoto mchanga kwa basi, wakiahidiana kukutana ufukweni, watatenganishwa na saa nzima ya kutembea juani. Chagueni usafiri mmoja. Wenye kigari cha mtoto wapande basi. Boti ndiyo yenye raha, lakini keti upande wenye kivuli, valisha watoto wadogo jaketi okozi, na tunza tiketi kama ni ya kwenda na kurudi. Uliza saa ya boti ya mwisho kabla hujashuka.

Ondokeni na boti za kwanza. Asubuhi bahari hutulia, na maji ni ya kina kidogo kwa hatua nyingi kutoka ukingoni, kitu kinachowafaa sana watoto. Mchana upepo huamka na mawimbi nayo. Kivuli cha asili hakuna, kwa hiyo kodi mwavuli, au mrudi kabla ya saa saba. Kule kwenye mdomo wenyewe wa mto watoto wasiogelee: kuna mkondo, na ndiyo njia ya boti.

Ufukwe huu ni mazalia ya kasa, na kanuni zake zina sababu. Toka Mei hadi Oktoba hufungwa saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, kwa kuwa kasa jike hupanda kutaga gizani na vifaranga hufuata mwanga ili kuipata bahari. Taa ya simu inatosha kuwapoteza. Vigingi vya mbao vinaonyesha mpaka wa viota: usitandike taulo wala kuchomeka mwavuli upande wa viota, maana mti wa mwavuli hutoboa mayai yaliyo chini ya mchanga. Watoto wachimbe karibu na maji, na mashimo yafukiwe kabla ya kuondoka, kwa sababu kifaranga akitumbukia hatoki. Miaka ya 1980 hoteli kubwa ilitaka kujengwa papa hapa. Mwingereza June Haimoff, aliyejulikana kama Kaptan June, alikuwa miongoni mwa waliopiga kampeni, na mwaka 1988 eneo likatangazwa la hifadhi maalumu. Pembeni ya ufukwe, upande wa barabara, kuna kituo cha DEKAMER cha kutibu kasa waliojeruhiwa, wengi kwa panga za injini za boti. Wapelekeni watoto. Kwa sababu hiyohiyo, kataeni ziara ya boti inayowavuta kasa kwa vipande vya kaa ili wapigwe picha.

Siku nyingine

Boti ya siku nzima huunganisha ziwa, bafu la tope, makaburi na ufukwe. Kwa mtoto chini ya miaka mitano ni ndefu mno. Wakiwa wakubwa wanne na watoto, kukodi boti binafsi ya ushirika kwa nusu siku mara nyingi huwa na maana zaidi. Bei ni ya boti, si ya kichwa, na ikubaliwe kabla ya kupanda pamoja na vituo na saa ya kurudi. Kwenye tope vaeni nguo chakavu za kuogelea, harufu ya salfa haitoki upesi, na vueni vito vya fedha, vitageuka vyeusi. Maji ya moto ya Sultaniye, chemchemi iliyo kando ya ziwa, yana joto la karibu nyuzi 40: wajawazito, wenye shinikizo la damu na watoto wadogo wabaki nje.

Makaburi ya karne ya 4 kabla ya Kristo hayapandwi. Hutazamwa vizuri zaidi toka mtoni. Kaunos yenyewe, yenye ukumbi wa maigizo wa mawe, hufikiwa kwa kuvuka na mtumbwi wa makasia kisha kutembea kama nusu saa. Nendeni asubuhi, na lita moja ya maji kwa kila mtu. Soko la Dalyan ni Jumamosi, na matunda ya pale huokoa bajeti ya wiki.

Chakula hakisumbui. Nyama kwa kawaida ni halali, ingawa migahawa ya watalii huuza pombe. Watoto wanaochagua chakula wataishi kwa pide ya jibini (mkate bapa wa kuoka), köfte (vidonge vya nyama ya kusaga) na wali; mwambie mhudumu „acısız” ili pilipili isiwekwe. Maji ya kunywa nunueni dumu la lita 5, si chupa ndogo.

Shilingi zetu hazibadilishwi huko. Bebeni euro, pauni au dola, mbadilishe kidogo kidogo, kwa sababu lira hushuka na bei hupandishwa katikati ya msimu. Bei uliyosoma ya mwaka jana isikuongoze. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa lira au kwa fedha ya kwenu, chagua lira. Plagi ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo wa Afrika Mashariki na Uingereza wabebe adapta mbili au tatu.

Kwa usiku 7, matembezi matatu makubwa yanatosha, na siku ya kwanza isiwe na lolote. Siku ya kuondoka chumba hudaiwa mchana wakati ndege nyingi ni za usiku, hivyo omba mapema bei ya kukibakiza hadi jioni, na gari likuchukue saa tatu na nusu kabla ya ndege kuruka.