Maswali yenu wiki hii: kuvuka barabara Kaptembwo na Rhonda

Inbox imejaa maswali ya barabara na sishangai, juu hapa kwetu Nakuru wengi tunaenda kazi kwa miguu, watoto wanaenda shule kwa miguu, na hata ukipanda matatu lazima kwanza utembee ufike steji. Nimechagua matano.

Mtoto wangu wa gredi ya pili anavuka lami kwenda shule na matatu hazipunguzi mwendo. Tunataka kuchanga tujenge bampu wenyewe, kuna shida? (Mama wa watatu, Kaptembwo)

Pole mama, hiyo hofu ya kila asubuhi naijua. Lakini bampu ya mawe na udongo msijenge. Usiku haina rangi wala kibao, mtu wa boda anaiona akishafika juu yake, na abiria aliyebeba mtoto ndiye anaenda chini, kwa hivyo ajali mtakuwa mmeihamisha tu kutoka kwa mtoto wako kwenda kwa wa mwingine. Kwanza jueni mwenye barabara ni nani. Barabara kuu inayoenda Eldoret, ile wengi tunaita A104, ni ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), lami zingine kubwa za mjini ziko chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), na njia za ndani za mtaa ni za kaunti. Barua yenu ya kuomba bampu ikienda ofisi isiyo yake italala huko. Bebeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo nyumbani. Mkingoja, pangeni zamu, watoto waende kwa kundi, mkubwa mmoja mbele na mwingine nyuma na riflekta, wavukie mahali pamoja saa ileile. Dereva anaona kundi haraka kuliko kichwa kimoja kidogo kinachochomoka nyuma ya matatu iliyosimama.

Ploti yetu ina Wakisii, Waluhya, Wajaluo, Wakalenjin, Wakikuyu na familia mbili za kutoka Sudan Kusini. Tukiita mkutano wa barabara kila mtu anasema yeye ni mpangaji tu, kwao si hapa. Tunaanzaje? (Keateka, Rhonda)

Anza bila mkutano. Sisi tuliita miwili, wakaongea wanaume watatu walewale na wengine wakaangalia simu. Mara ya tatu tulingoja Jumamosi jioni watu wakichota maji, tukalaza kalenda ya mwaka jana kifudifudi kwa meza ya mama chapati, tukachora barabara na mkaa, shule, kanisa, msikiti, posho mili, steji. Kando tukaweka bakuli mbili. Kama umewahi kukoswakoswa na gari ama boda mahali, weka haragwe hapo, na kama unajua mtu aligongwa hapo, weka punje ya mahindi. Hakuna hotuba, hakuna lugha ya kuogopa. Mama mmoja wa Sudan Kusini, ambaye sijawahi kumsikia akitoa neno mbele ya watu, alikuja na ndoo yake, akaiweka chini, akaangalia ile ramani kitambo, kisha akaweka maharagwe matatu mahali pamoja, ile kona ya nyuma ya posho mili ambayo haina taa. Mzee wa Kisii aliyesimama kando yake akaweka mahindi papo hapo. Wanaishi milango minne tu kati yao na walikuwa hawajawahi kusalimiana. Jioni hiyo waliongea mpaka maji yakaisha kwa mfereji.

Na hiyo ya "mimi ni mpangaji tu" msiikubali. Katiba kifungu cha 37 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa ofisi za umma, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inaruhusu mtu kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Hakuna mahali imeuliza kama uko na hati ya shamba.

Kila siku lawama ni boda boda. Kwani wanaovuka na simu masikioni hawana makosa? (Rider, Shabab)

Wanayo, ndugu yangu, na najua nyinyi pia mnaumia sana. Lakini binadamu atakosea, mtoto atakimbilia mpira, na swali ni kama akikosea ataamka ama atazikwa. Sheria yetu ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo, sekunde moja tu ya kushtuka kabla hujagusa breki umeshakula karibu mita 14, na kwa 30 ni kama mita 8. Toka nje upige hatua 14 ndefu uone ni nani amesimama hapo katikati. Alafu kumbuka Salgaa, kwa hiyo barabara ya Eldoret, venye tuliambiana miaka mingi "endesha polepole", mpaka 31 Desemba 2017 pale Migaa wakafa watu 36, ndio baadaye magari ya kupanda na ya kushuka yakatenganishwa na ukuta. Barabara yenyewe ndiyo inafaa kumlazimisha dereva. Nyinyi wa steji mnajua kila kona, njooni na maharagwe yenu.

Tunaambiwa sisi mama mboga tumeziba njia. Tukiondoka tule nini? (Muuza sukuma)

Dada, sitaki ulale njaa, lakini Londiani, kule Kericho, 30 Juni 2023, lori lilitoka barabarani likaua watu zaidi ya 50, na wengine walikuwa wamekaa wakiuza kama wewe. Sogeeni nyuma wote kwa laini moja, juu mmoja akibaki mbele atachukua wateja na kesho wote mtarudi. Muache nafasi shosho wawili wenye vikapu wapishane bila mmoja kushuka kwa lami. Na kwa ombi muandike mnataka mtaro ufunikwe, hapo juu ya mtaro ndipo meza itakaa.

Ile ramani yenu ya maharagwe ilifika wapi? (Jirani)

Tuliipiga picha, tukaandika barua, watu wa milango yote wakatia sahihi, wengine alama ya kidole. Muhuri tuko nao. Injinia alikuja akapima ile kona, akaweka alama za rangi nyeupe, na tangu hapo kimya. Alhamisi saa tatu asubuhi tunarudi ofisini na kalenda yenyewe, na yule mama wa maharagwe matatu amesema anakuja.