Laki sita ya laptopu ya chuo: mpya ya dukani au mtumba wa Kariakoo?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una laki sita mkononi, mdogo wako wa kike anaripoti chuo Dodoma kusoma uhasibu, na umekwama kwenye njia panda yenye matawi matatu: laptopu mpya ya 580,000 uliyoiona dukani ikiwa na waranti ya mwaka, mtumba wa Kariakoo, au kuifufua ile HP ya nyumbani yenye i3 ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inazungusha viduara. Njia zote tatu nimezipita, mojawapo kwa hasara ambayo bado inaniuma.

Hiyo mpya iache. Sijaiona ila naijua: prosesa dhaifu ya Celeron, RAM 4GB, na hifadhi ya 64GB ambayo pembeni yake imeandikwa eMMC kwa herufi ndogo, yaani hifadhi ya bei rahisi iliyolehemiwa kwenye ubao. Mwaka 2018 nilipopata bumu la kwanza (ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo), nikachanganya na hela ya mjomba, nikanunua ndugu yake na hiyo kwa 520,000. Kampuni sitaitaja. Nyembamba, inang'aa, inanukia upya, hosteli nzima walikuja kuishika. Yangu ilikuwa na eMMC ya 32GB. Windows ikala zaidi ya nusu, Office ikachukua chake, na kabla semista haijaisha nikawa nahesabu nafasi iliyobaki kama mtu anayehesabu yuniti za LUKU. Ikaja apdeti kubwa ya Windows, ikadai nafasi ambayo haipo. Nikafuta nyimbo, nikafuta picha, nikahamishia notisi kwenye flashi, bado ikagoma.

Nikaibeba hadi kwa fundi aniongezee diski na RAM. Akafungua mfuniko, akaugeuza ubao nione mwenyewe, akaanza kucheka. Kila kitu kimelehemiwa. Hakuna sloti ya RAM, hakuna pa kuchomeka diski. "Dogo, hii ni simu yenye kibodi," akaniambia, na hakunitoza hata mia. Waranti? Waranti ni ya kitu kilichoharibika. Yangu haikuharibika, iliumbwa hivyo.

Mtumba ninaousema mimi ni wa laptopu za maofisini: ThinkPad za Lenovo (T na X), EliteBook za HP, Latitude za Dell. Makampuni ya nje hubadilisha mashine za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa kwa jumla hadi zinatufikia huku. Zilipokuwa mpya bei zake hazishikiki, kwa hiyo bawaba ni ngumu, kibodi inavumilia, na muhimu kuliko vyote, nyingi zinafunguka kwa bisibisi na ndani unakuta sloti. Nasema nyingi kwa sababu X1 Carbon, pamoja na uzuri wake wote, RAM yake imelehemiwa. Usidanganywe na wembamba. Wembamba ndio ulioniponza mimi.

Sasa namba. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i5, bosi" akidhani amemaliza. i5 ya mwaka gani? Angalia tarakimu zinazofuata kistari. i5-5300U ni kizazi cha 5, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kwa leo mpaka muhimu ni kizazi cha 8, maana Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia hapo, ukiacha vighairi vichache, pamoja na kachipu ka usalama kanakoitwa TPM 2.0. Ndiyo maana mitaani zimejaa za kizazi cha 6 na cha 7 kwa bei ya kutupa. Zingine muuzaji ameshazipiga Windows 11 kwa kuchakachua. Itawaka, itafanya kazi, lakini Microsoft haiahidi kuipatia masasisho. Kwa uhasibu sipendi kubahatisha, kwa sababu Tally, programu ya kuandikia hesabu za biashara, ni ya Windows na hawezi kuikwepa kwa kuhamia Linux, ule mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kwa hiyo mtafutie kizazi cha 8: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 7490. T480 ina sloti mbili za RAM na betri mbili, moja ndani na nyingine unaichomoa kwa nyuma. Siku umeme ukikatika Dodoma mtanikumbuka.

Mwaka jana nilimnunulia binamu T480 kwa 560,000, RAM 8GB na SSD (diski ya kasi) ya 256GB. Muuzaji alianza na 750,000. Nakusimulia ilivyokuwa kwa sababu wengi mnapigwa palepale kaunta.

Usiende na winga. Yule kijana anayekudaka njiani na kukuuliza "unatafuta nini kaka" anakupeleka duka ambalo na yeye ana chake, na chake hicho kinatoka mfukoni mwako. Nenda asubuhi, duka bado halijajaa, ukiwa na flashi yenye CrystalDiskInfo, programu ya kupimia afya ya diski. Ukipewa mashine, cha kwanza izime uiwashe ukiwa unabonyeza kitufe cha BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikikuomba nywila, irudishe mezani. Usisikilize hadithi ya "fundi wetu ataitoa". Ikiingia, tazama humo prosesa na RAM zilivyoandikwa, maana kistika cha i7 kinabandikwa na yeyote mwenye kidole.

Ukirudi kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Itakuletea faili lenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ile ya binamu betri ya nje ilikuwa imebaki chini ya nusu. Nikamwonyesha muuzaji, hakuwa na la kusema, bei ikashuka elfu themanini kwa mara moja. Kisha CrystalDiskInfo ikuonyeshe afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, jaza kioo rangi nyeupe utafute madoa, cheza video dakika ishirini usikilize feni na upapase chini uone joto. Wataanza kununa. Waache wanune, hela ni yako. Dai risiti ya EFD, na jina la modeli liandikwe humo, isiwe "laptop 1 pc".

Kuna mtego mmoja ambao hauonekani hata ukifanya hayo yote. Rafiki yangu alinunua EliteBook safi kabisa, akaitumia miezi miwili, kisha akaamua kuipiga Windows upya. Alipoiunganisha na intaneti katikati ya kazi, kikatokea kioo kinachomkaribisha kwenye kampuni fulani ya Ulaya na kumdai barua pepe ya kazini. Alidhani ni kirusi. Kumbe kampuni ilishaisajili mashine kwenye mfumo wa Microsoft unaoitwa Autopilot, na walipoiuza hawakuifuta. Usajili huo haukai kwenye diski. Uko kwenye seva, umefungwa na utambulisho wa ubao wenyewe, kwa hiyo kufuta diski mara kumi hakusaidii. Muuzaji akamwambia eti asiunganishe intaneti anapopiga Windows. Alikuwa anajua! Dawa ni kukubaliana kabla ya kulipa: waipige Windows upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na hotspoti ya simu yako. Duka likikataa, umeshapata jibu.

Tuje kwenye HP ya nyumbani, na hapa ndipo nina habari njema. Baada ya ile simu yenye kibodi nilinunua ThinkPad X250 ya mtumba mwaka 2019, i5 ya kizazi cha 5, RAM 4GB, HDD (diski ya zamani) ya 500GB. Ilichukua karibu dakika nne kuwaka. Nikadhani nimeliwa tena. Kumbe prosesa ilikuwa nzima, ila ilikuwa inasubiri diski. HDD ina sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea kinachotembea juu yake, na Windows inapowaka huomba maelfu ya vifaili vilivyotawanyika huku na huko, kichwa kikawa kinahangaika kama konda anayetafuta chenji. SSD haina kitu kinachotembea. Nilinunua ya SATA ya 240GB kwa 80,000, nikaichomeka palepale ilipokuwa HDD, nikapiga Windows upya, na mashine ikawaka ndani ya nusu dakika. Hakuna hela niliyowahi kuitoa kwenye kompyuta ikanirudishia kiasi kile. Ile HDD nikaitia kwenye kikasha cha USB, ikawa ghala langu la notisi.

RAM ndiyo iliyonitia adabu. X250 ina sloti moja tu, kwa hiyo kufika 8GB huongezi, unatoa ya zamani unaweka nyingine. Mimi nikaenda dukani kichwakichwa nikanunua RAM ya aina ya DDR4, wakati mashine inataka aina ya zamani zaidi, DDR3L. Haziingiliani kabisa, hata ule mkato wa katikati umekaa mahali tofauti. Tena hiyo L siyo pambo: ni ya volti 1.35, na mashine nyingi za kizazi cha 4 na cha 5 hazitaki DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Duka halikunirudishia hela, nilibadilishiwa kwa kuongeza elfu kumi na tano.

Kwa hiyo HP yako, kama kioo na bawaba ni nzima, itie SSD na RAM yake ifike 8GB, lakini iache nyumbani. Mdogo wako asiende nayo chuo. Kwa wadogo zenu wa sekondari, wekeni Linux Mint, inaingia intaneti vizuri, LibreOffice (mbadala wa bure wa Word na Excel) ipo, na vile virusi vya shotikati vya flashi za steshenari vitaipita kando kwa sababu vimetengenezwa kwa Windows. X250 yangu inaishi maisha hayohayo leo, iko kwa mdogo wangu wa kidato cha tano. Ila usitumie zaidi ya laki moja juu yake. Siku ubao ukifa au kioo kikipasuka, usipeleke kwa fundi, toa SSD yako uondoke nayo. Mimi kanuni yangu ni kwamba nikitajiwa matengenezo yanayozidi nusu ya bei ya mtumba mwingine wa aina hiyohiyo, naaga.

Jambo lingine la msimu huu: tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa dunia nzima, viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili bandia. Bei zangu za 2019 usiende nazo dukani utachekwa. Ule ushauri wa zamani wa "nunua yenye 4GB utaongeza mbele ya safari" siutoi tena. Chukua ambayo tayari ina 8GB, hata kama kona moja imechubuka au kifuniko kina mikwaruzo. Mikwaruzo haimzuii mtu kupata A.

Katika laki sita yako, mashine isizidi 540,000. Inayobaki nunua begi lenye sponji, na SSD ndogo au HDD ya nje ya kuhifadhia nakala. Chaja ikaguliwe pia. Dell nyingi zina waya mwembamba katikati ya pini unaoitambua chaja, na zikishindwa kuitambua, betri haichaji na prosesa inashushwa kasi, mtu anabaki kuilaumu laptopu wakati kosa ni la chaja ya elfu kumi na tano. Office asinunue kwanza. Chuo kikimpa barua pepe ya mwanafunzi, ajaribu kuingia nayo kwenye tovuti ya Microsoft, vyuo vilivyosajiliwa hupata Word na Excel za mtandaoni bure. Asikubali ile "Office ya elfu tano" ya steshenari, haijulikani imekuja na nani ndani yake.

Mtaniuliza kwa nini sijasema kompyuta ya mezani, maana kwa hela hiyo unapata yenye nguvu zaidi. Ni kweli. Lakini chumba cha hosteli cha watu wanne, kitanda cha juu, soketi moja... utaiweka wapi?

Nitupie hapa modeli ya hiyo HP, iko kwenye kistika upande wa chini (kwa zingine iko ndani ya nafasi ya betri). Ukiipata nitakwambia RAM yake ni ya aina gani na ina sloti ngapi kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo.