Jibu: Nyanya za kwenye ndoo zinaoza kitako

Habari ndugu. Umesema nyanya zako za kwenye ndoo zinatoka doa jeusi kitakoni zikiwa bado mbichi, na umeshapiga dawa mara mbili bila nafuu. Dawa weka kando, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni maji ya leo mafuriko, kesho ukame: mmea unashindwa kufikisha kalsiamu kwenye tunda. Kwanza zamisha kidole kwenye udongo uone kama una unyevu, kisha angalia kama ndoo ina matundu chini. Mimi nilianza kumwagilia kila asubuhi kiasi kilekile, nikafunika udongo kwa nyasi kavu. Matunda yaliyofuata yakatoka safi. Maganda ya mayai, ya kuongeza kalsiamu, nilitwanga hadi jirani akaniuliza kama nafungua mgahawa, sikuona tofauti. Zilizoharibika zichume, kata kitako, sehemu iliyobaki tia mchuzini.