Kikava cha poti ya chaji usikichukulie poa

Wadogo zangu mnaoanza kushika magari ya umeme hapa Chuga (Arusha), ngoja niwaambie kuhusu kitu ambacho mafundi wengi wanakipita tu, kile kikava cha poti ya kuchajia. Wengi mkija gereji mnajua kipo ili mtoto asiingize kidole akapigwa shoti. Sio hivyo. Gari kama haina hitilafu zile pini za ndani ya poti hazina umeme wa betri mpaka kebo ichomekwe na gari na chaja zielewane kwanza, ndio kontakta za ndani, yaani swichi kubwa za umeme, zifunge umeme upite. Kava lipo ili pini zikae safi na kavu, basi, na hiyo ndio kazi kubwa kuliko mnavyofikiri.

Chukueni Nissan Leaf, maana ndio mtakutana nayo sana, zinakuja used kutoka Japani. Ukifungua kile kifuniko cha mbele puani unakuta poti mbili, kila moja na kava lake: kubwa ni ya CHAdeMO ya chaji ya haraka, ndogo ni Type 1 ya chaji ya nyumbani yenye pini 5. Mbili za umeme, moja ya ethi, halafu mbili nyembamba ambazo hazibebi mzigo wowote, ni za mawasiliano tu. Sasa uchafu ukikaa kwenye zile nyembamba gari haioni kebo vizuri, inagoma kuchaji au inachaji inakata inachaji inakata. Ukikaa kwenye za umeme ndio mbaya zaidi, joto. Pigeni hesabu wenyewe, ampia 32 zikipita kwenye mguso mchafu wenye ukinzani wa omu 0.05 tu, unapata wati 51 za joto kwenye sehemu ndogo kama ncha ya kidole, na chaji ya nyumbani inakaa masaa mengi. Plastiki inaanza kuyeyuka taratibu na mwenye gari hajui.

Kuna mteja alikuja, anakaa njia ya Kisongo, mnajua vumbi la kule kiangazi. Chaji inakata kila usiku. Nikalaumu chaja, nikalaumu waya za nyumba, tukabadilisha mpaka soketi ya ukutani, siku mbili zimeenda. Siku ya tatu ndio nikamulika tochi kwenye poti, kumbe kava dogo limevunjika bawaba, vumbi limeingia, halafu gari imeoshwa kwa presha nozo ikielekezwa hapo hapo, tope limekauka kwenye pini. Iliniuma kwa sababu yule baba alilipia soketi ambayo haikuwa na shida. Tangu hapo tochi kwanza, kila gari.

Kusafisha: gari imezimwa, kebo imetolewa, brashi laini kavu, hewa ya kompresa kwa presha ndogo na mwaga maji kwenye tenki kabla maana utapulizia unyevu ndani. Spreyi ya kusafishia kontakti inafaa, acha ikauke kabisa. Grisi usipake, inashika vumbi. Msasa usiguse, pini nyingi zina ganda jembamba la fedha, ukilikwangua umeharibu kabisa. Ukiona pini nyeusi au plastiki imeyeyuka, hiyo poti ni ya kubadilisha, na kama hujafundishwa kukata umeme wa betri kubwa usifungue nyuma ya poti, zile waya za rangi ya chungwa zinaua jamani.

Angalia pia mpira wa kava kama umepasuka, na poti nyingi zina kitundu chini cha kutoa maji, masika hapa kikizibwa na tope poti inageuka kisima. Kava likivunjika watu wanafunga mfuko wa nailoni, hapana, jasho linabaki ndani pini zinaota kutu ya kijani. Mtafutie mteja kava la gari iliyokatwa spea.

Na kwa gari zenye CCS, yaani poti moja yenye sehemu ya chaji ya nyumbani juu na ya chaji ya haraka chini, kava la chini la pini mbili nene liache limefungwa ukichaji ya nyumbani, zile pini hazitumiki hapo, unazifungua zikale vumbi la nini. Kabla hujamkabidhi mteja gari, mfungulie mwenyewe aone, funga mbele yake mpaka isikike tik.