Shimo la choo lisilojaa

SWALI: Assalam alaykum Mhandisi. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika shehia moja ya kusini-mashariki ya Unguja, huku kwenye mawe matupu. Shimo la choo cha baba yangu lilichimbwa kwa mtaimbo miaka 30 iliyopita na halijajaa hata siku moja. Watu hulisifu. Sasa jirani anajenga nyumba ya wageni ya vyumba 6, naye anataka kuchimba karo la namna hiyohiyo, mita 35 kutoka kisima chetu, kwa sababu ameambiwa mita 30 zinatosha. Wazee wanasema aachiwe. Je, umbali huo unatosha kweli? Kama hautoshi, kijengwe nini? Na maji ya jikoni na ya kufulia tuyapeleke wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Katibu. Tuanze na hilo shimo la mzee, maana ndilo shahidi wako mkubwa kuliko kipimo chochote nitakachokutajia.

Kwenye choo cha shimo, tope linalobaki baada ya kuoza hukadiriwa kuwa lita 40 hadi 60 kwa mtu kwa mwaka. Chukua nyumba ya watu 7, lita 50 kila mmoja. Kwa miaka 30 unapata lita 10,500, yaani mita za ujazo 10 na nusu. Shimo la kuchimbwa kwa mtaimbo kwenye jabali sidhani linazidi mita za ujazo 4, kwa sababu mchimbaji huchoka kabla. Hata ukikata hesabu yangu nusu, bado halienei. Basi kilichobaki kiko wapi? Kimepita kwenye nyufa za matumbawe, yaani hilo jabali lenu, na chini ya matumbawe ndiko yalipo maji mnayoteka. Shimo lisilojaa limetoboka, na hapo pana sababu ya kuogopa, si ya kusifu.

Sasa hizo mita 30. Kanuni yenyewe si ya uongo, ila ilitungwa kwa ajili ya udongo. Kwenye mchanga mwembamba au tifutifu maji machafu hupita polepole mno: chembe za udongo huyachuja, wadudu wadogo wa ardhini hula uchafu, na vijidudu vya maradhi hufa njiani. Kinachoviua hasa ni muda. Wataalamu wa maji ya ardhini hupenda kuona maji yakichukua walau siku 50 kutoka chooni hadi kisimani. Mita 30 za mchanga mwembamba zinaweza kukupa siku hizo. Mita 30 za jabali lenye mapango na nyufa zinaweza kupitwa kwa siku moja, na hakuna kilichochujwa. Ndiyo maana kanuni hiyo huenda pamoja na nyingine ambayo watu huisahau: chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 za ardhi kavu kabla ya kufikia maji, na hizo ni mita za udongo, si za mwanya.

Nakuambia haya kwa kuungua. Nikiwa kijana kazini nilipima karo la shule moja ya pwani, jiwe kama hilo lenu, nikaweka mita 40 na nikajiona mwerevu. Masika ya kwanza, maji ya kisima cha shule yalipopimwa yalikutwa na vijidudu vya kinyesi. Ramani yangu ilikuwa safi kabisa.

Kuna jaribio mnaloweza kufanya wenyewe bila senti. Siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana kuliko kawaida, teremsha kamba yenye jiwe kisimani maji ya bahari yakiwa yamekupwa, pima ulipo uso wa maji, kisha rudia yakiwa yamejaa. Fanya tena siku za maji mafu, bahari inapocheza kidogo tu. Kama maji ya kisima yanapanda na kushuka pamoja na bahari, jabali lenu lina njia zilizo wazi, na maji machafu hutumia njia hizohizo. Yasipocheza, hilo halithibitishi usalama, kwa hiyo pelekeni sampuli maabara vilevile. Ombeni vipimo viwili: vijidudu vya kinyesi, ambavyo kwenye maji ya kunywa havitakiwi hata kimoja katika mililita 100, na naitreti, kemikali inayobaki majini kutokana na kinyesi na mikojo, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Naitreti ni ya kuangalia hasa kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuitoi.

Chungulieni na mashimo yenyewe. Shimo lenye maji yasiyokauka hata kiangazi yaelekea limeshafika kwenye maji ya ardhini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, hapo Makunduchi, mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa chembe nyeupe za polistirini, plastiki nyepesi inayoelea, ili kuzuia mazalia ya mbu waenezao matende, huku watu wakipewa dawa. Kazi ilifanikiwa vizuri. Mimi hata hivyo kila nikiikumbuka nawaza kitu kingine: mashimo mangapi yalikuwa na maji humo ndani.

Kwa jirani, msimruhusu kuchimba. Familia inayooga kwa ndoo, watu 7 kwa lita 30, inatoa kama lita 210 kwa siku. Wageni 12 wenye shawa na choo cha kuvuta, kwa lita 150 kila mmoja, wanatoa lita 1,800. Ni kama kuongeza nyumba 8 za kijiji kwenye shimo moja, na wingi wa maji ndio unaosukuma uchafu mbali. Pia tazameni upande. Maji ya ardhini huteremka kuelekea baharini, kwa hiyo karo lililo juu ya kisima, upande wa ndani ya kisiwa, ni baya zaidi kuliko lililo kati ya kisima na ufuo. Ila pampu kubwa ikivuta sana inaweza kugeuza mkondo huo, basi upande usiwe kisingizio.

Ajenge tangi la septiki la kweli. Nasema la kweli kwa sababu mafundi wengi huita septiki shimo la matofali lisilo na sakafu. La kweli lina sakafu ya zege, kuta zilizopigwa lipu isiyovuja, na vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kama theluthi mbili ya tangi lote. Maji yakae humo angalau siku moja, uzito uzame, mafuta yaelee. Tope likifika theluthi ya kina linanyonywa kwa gari, na kabla ya kulipa aulize gari hilo linamwaga wapi.

Tangi halimalizi kazi. Maji yanayotoka humo yanaonekana mepesi lakini vijidudu bado vimejaa. Yaende kwenye kitanda cha kokoto na matete kilichojengewa zege au kutandikwa plastiki nzito, kina cha sentimita 60 hivi, maji yakipita ndani ya kokoto, chini ya uso wake, ili mbu wasipate pa kutagia. Kwa nchi ya joto weka mita za mraba 3 hadi 4 kwa mtu, kwa hiyo wageni 12 wanahitaji kama 40. Atalalamika kuhusu kiwanja, najua. Yakishatoka hapo yamwagilie miti, si mboga za kuliwa mbichi.

Kwa nyumba za kijijini msichimbe, jengeni kwenda juu. Choo kikavu chenye vyumba viwili vya matofali juu ya ardhi: kimoja kinatumika, kingine kimefungwa. Kila baada ya haja kopo la jivu linamwagwa. Chumba kikijaa kifungwe zaidi ya mwaka mmoja, maana mayai ya minyoo ni magumu kufa. Mikojo ipite mfereji wake. Miradi mingi ya vyoo hivi hukwama kwetu kwa jambo moja: waliobuni hawachambi kwa maji. Wekeni pa kuchambia pembeni, penye mfereji wake kwenda kwenye kitanda kidogo cha kokoto kilichozibwa chini. Maji yakiingia chumbani, choo kinanuka na watu wanakikimbia.

Maji ya jikoni na kufulia ni mepesi zaidi. Yapitisheni kwenye ndoo yenye makumbi ya nazi ili mafuta ya tui yanaswe, badilisheni makumbi kila wiki, kisha yaende migombani.

Na shimo la mzee: likiachwa kutumika, litieni udongo na jivu hadi juu, mwagieni maji kidogo udongo ushuke, ongezeni, halafu pandeni mpapai. Kamba yenu ya kisima ifungeni fundo kila nusu mita kabla ya bamvua ijayo, mtapata vipimo vinavyosomeka.