Usiamini Mstari Unaotembea: Kagua Eneo Ulilochagua Kabla ya Kuhariri

Watu wanaoanza kuhariri picha huniuliza sana kwa nini rangi waliyobadilisha kwenye nguo imevuja hadi kwenye ngozi, au kwa nini nywele zimebaki na ukingo mweupe baada ya kuondoa mandhari ya nyuma. Mara nyingi tatizo haliko kwenye rangi. Liko kwenye eneo walilochagua, ambalo hawakulikagua kabla ya kuanza kazi.

Wengi huona wamelikagua kwa kuwa wameuona ule mstari wa vipande vipande unaotembea kukizunguka kitu. Mstari huo ulibuniwa na Bill Atkinson kwa ajili ya MacPaint, programu ya kuchora iliyotoka mwaka 1984 pamoja na Macintosh, na mpaka leo tunao. Kwa mraba au duara lenye ukingo mkali, unatosha. Kwa nywele, manyoya, moshi au kitambaa chepesi, unapotosha. Pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, inaweza kuchaguliwa nusu, robo au kidogo mno. Programu huliweka eneo ulilochagua kama picha ya nyeusi na nyeupe iitwayo maski. Katika picha ya biti 8 maski hiyo ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255: nyeusi haijachaguliwa kabisa, nyeupe imechaguliwa yote, na kijivu ni kila kilicho katikati. Photoshop, programu ya kuhariri picha, huchora mstari pale tu pikseli zinapovuka asilimia 50. Zilizo chini ya hapo huzioni, na bado zitahaririwa! Ndiyo maana wakati mwingine inakuonya kwamba hakuna pikseli iliyochaguliwa zaidi ya nusu, kisha mstari usionekane hata kidogo ilhali eneo limechaguliwa.

Kwa hiyo nikishachagua kwenye Photoshop, nabonyeza Q. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ni Shift na Q. Hapo unaingia Quick Mask, na sehemu isiyochaguliwa inafunikwa na wekundu unaopenya. Kama unahariri waridi au gauni jekundu, usihangaike kukodoa macho. Kwenye Photoshop, bofya mara mbili alama ya Quick Mask katika upau wa zana, uchague kijani au buluu.

Wekundu huo unaonyesha ukingo vizuri, ila dosari ndogo hupotea ndani yake. Mwonekano ninaouamini kuliko yote ni wa nyeusi na nyeupe. Ukiwa na maski ya tabaka, yaani maski inayoficha au kuonyesha sehemu za tabaka moja la picha, shikilia Alt na ubofye kijipicha cha maski, na utaiona maski yenyewe imejaa skrini. Madoa meusi ndani ya nyeupe ni matundu yatakayojitokeza ukishaweka mandhari mapya. Yazibe kwa brashi nyeupe. Kazi ngumu ni kijivu hafifu kilichojificha ndani ya nyeusi, maana ngazi ya 10 au 15 kwa macho ni nyeusi tu. Mimi hufungua Levels, zana ya kurekebisha mwangaza, kwa Ctrl na L, navuta kitelezi cheupe mpaka karibu na mwisho wa kushoto, na uchafu wote unajitokeza. Nikishajua ulipo, naghairi bila kubadilisha kitu, kisha naupaka rangi nyeusi.

Kwenye nywele, tafadhali, usifute kila kijivu. Unywele mwembamba lazima uwe nusu umechaguliwa nusu haujachaguliwa. Ukilazimisha ukingo mkali, mtu ataonekana kama amekatwa kwa mkasi. Tumia brashi iliyowekwa hali ya Overlay. Nyeupe yake inang'arisha kijivu na kuiacha nyeusi ilivyo.

Baada ya hapo ingia Select and Mask, sehemu ya Photoshop ya kurekebisha ukingo, na ubonyeze F kupitia mionekano yake. Ukingo wenye weupe uliosalia hujulikana juu ya nyeusi, na wenye weusi hujulikana juu ya nyeupe, kwa hiyo angalia yote miwili, picha ikiwa katika ukubwa wa asilimia 100.

Jihadhari na Ctrl na H. Inaficha mstari tu, haiondoi uteuzi. Brashi ikikataa kupaka sehemu fulani bila sababu, jaribu kwanza Ctrl na D.

Na eneo lililokugharimu muda, lihifadhi kama chaneli ya alfa, yaani chaneli ya ziada inayotunza maski ndani ya faili, kupitia menyu ya Select. Faili liwe PSD au TIFF, kwa sababu JPEG haihifadhi chaneli hiyo.