Mtoto wa paka na wenyeji wake

Wa alaykumu salaam dada. Umesema umepokea mtoto wa paka wa wiki nane umlee kwa muda hapo mtaani Mkomani, na paka wako wawili wazee wanamfokea, mmoja amesusa hata chakula. Pole. Paka mzee huijua nyumba kwa pua, na ghafla imenuka mgeni.

Leo mtoe huyo mdogo kati yao. Mweke chumba chake, mlango ufungwe, kwa wiki mbili, kwani wa kuokotwa vichochoroni huweza kuwa na maradhi yasiyojitokeza siku za mwanzo. Nawa mikono ukitoka kwake. Mganga wa mifugo amtazame, ampe dawa ya minyoo na chanjo. Maziwa ya ng'ombe usimpe, yatamharisha.

Mganga akisema ni mzima, chukua kipande cha leso kuukuu, mpanguse mashavu, kisha kiweke karibu na sahani ya wale wazee, si chini yake. Wakinusa na kuendelea kula samaki wao, kisogeze. Baadaye walishe pande mbili za mlango uliofungwa. Paka wangu mimi alikaa siku tatu ameupa mlango mgongo, masikio nyuma. Ya nne akalala pale pale.

Ndipo uufungue, dakika chache tu, ukiwapo. Kufoka si ugomvi, usiwapige. Wakishikana, tupa taulo kati yao, usitie mkono.

Lakini huyo aliyesusa, akipitisha siku nzima bila kula, mpeleke kwa mganga.